Herufi M Ndani ya Duara

Sijawahi kumwona Mahenge.
Namjua kama herufi M ndani ya duara la kijani
na sauti inayofika vipande vipande kutoka Makete,
kama mtu anayeongea huku anatafuna barafu.
Tuko watano, ofisi yetu ni kioo cha simu:
Oresta yuko Iringa na vitabu vya hesabu,
Ngailo yuko barabarani na lori lake,
Tumwitike anapanga makreti Njombe,
mimi niko Tukuyu, chini ya bati,
na mvua ya hapa haiombi ruhusa ya kuzungumza.

Alfajiri kikundi kinaamka kwa salamu:
Ugonile. Kamwene. Habari za baridi.
Kisha kilo, kisha tani, kisha maparachichi mangapi yameoza.

Mahenge hujibu saa nne usiku.
Swali la asubuhi, jibu la usiku!
Nikamwandikia Oresta pembeni, kwa mlango wa uani:
"Huyu analala mchana, au ana kazi nyingine?"
Oresta akatuma kicheko.
Kicheko kile nilikilea wiki tatu,
kikakua, kikaota meno.

Jumanne ile lori likafika Makambako na pengo.
Kilo elfu nne na mia tatu zimelipiwa,
elfu tatu na mia nne zimepakiwa.
Oresta akauliza mbele ya wote: nani aliingiza namba?
Kila mtu akazima kipaza sauti chake.
Nikausikia moyo wangu; wenyewe hauna kitufe.
Maana nilikuwa nimeshaona.
Tatu na nne zilibadilishana viti
chini ya kidole changu hiki,
usiku ule umeme ulipokatika, nikichapa kwa kukisia.

Wote, najua, walikuwa wanaitazama ile herufi M.
Nami nikawaacha waitazame.

Saa nne usiku ikaja sauti yake, imejaa upepo:
"Samahani, huku mtandao uko juu ya kilima,
napanda nikishakamua ng'ombe na kulaza watoto.
Nimesikia habari ya lori. Huenda ni mimi.
Vidole hufa ganzi, nabonyeza kando.
Nipeni hadi kesho nikague."

Huenda ni mimi.
Mtu hana kosa, kasimama gizani kwenye umande ulioganda,
anajipekua mifuko kwa ajili ya wizi wangu.

Nikaandika: Ni mimi.
Nikafuta.
Nikaandika marefu: umeme, mvua, macho, betri.
Nikafuta.
Nikaandika: Ni mimi, Subilaga. Mahenge hahusiki.
Nikatuma kabla kidole hakijatafuta wakili.

Juu ya kioo: Oresta anaandika…
Oresta ameacha.
Oresta anaandika…
Nimewahi kungoja majibu ya hospitali,
hayakuwa marefu hivi.

Wa kwanza alikuwa Ngailo, yuko Igawa, anakula chipsi:
"Kumbe nilibeba hewa ya Rungwe hadi Makambako!
Haina ushuru. Mlima Nyoka gari lilipita kama kijana."
Kisha Oresta: "Itakatwa kwenye malipo yako, mara tatu.
Ahsante kwa kusema."
Tumwitike akatuma kidole gumba.
Mahenge hakusema kitu. Mtandao ulishamtoka,
au alikuwa anateremka.

Siku hizi maswali yake nayatuma jioni.
Namba tunazikagua wawili wawili, bila kuoneana haya.
Naye asipoweza kupanda, humtuma mwanawe kilimani
na ujumbe wa neno moja: Nipo.

Kile kicheko cha pembeni sijamwambia. Bado.
Kila mtu ana kilima chake.

Kuna siku namshuku tena, tabia haifi kwa usiku mmoja,
basi naitafuta ile sauti, naisikiliza upya:
upepo, pumzi, ng'ombe mmoja kwa mbali,
huenda ni mimi.

Tukikutana sitamjua kwa uso.
Nitasubiri akohoe.